Nje, Ndani na Uani: Kasri la Kifalme la Unguja katika Historia na katika Fasihi

Utangulizi

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya upande wa mbele wa Beit al-Ajaib mjini Unguja iliporomoka, pamoja na mnara wake wa saa. Jengo lilikuwa katika ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha yao. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na kwa muda wa miaka 137 ndilo lililokuwa la kwanza kuonwa na kila msafiri aliyeingia bandarini. Mjadala uliofuata ulihusu zaidi uhandisi na fedha: kuta zilikuwa na udhaifu gani, nani angegharamia ujenzi, na mawe ya zamani yangerudishwaje mahali pake. Hayo ni maswali ya lazima. Hata hivyo, yametangulia kulijibu swali jingine ambalo halijaulizwa vya kutosha, nalo ni hili: kasri linapojengwa upya, ni kitu gani hasa kinachojengwa upya?

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini swali hili liletwe katika jarida la uhakiki wa fasihi na si katika jarida la wasanifu wa majengo. Jibu letu ni kwamba kasri halikuwa jengo tu. Lilikuwa pia usemi. Lilikusudiwa kusomwa, na lilisomwa kwa namna mbalimbali na watu waliosimama mahali mbalimbali. Msimamo wa makala haya ni kwamba kasri la kifalme la Unguja lina masomo matatu yaliyotofautiana: somo la nje, ambalo ni la sultani aliyelijenga ili litazamwe, somo la ndani, ambalo ni la binti wa kifalme aliyezaliwa na kulelewa humo, na somo la uani, ambalo ni la wale waliobeba, waliopika, waliofagia na waliotumikia. La kwanza limeandikwa kwa matumbawe na chuma. La pili limeandikwa kwa Kijerumani. La tatu limehifadhiwa katika ngano na, baadaye, katika riwaya ya Kiswahili. Tutadai kwamba historia ya karne ya ishirini ililihifadhi somo la kwanza na kuyasahau mengine mawili, na kwamba fasihi ndiyo ghala pekee tuliyo nayo ya kuyarejesha.

Istilahi na Mahali

Kabla ya kuendelea, yafaa tulitazame neno lenyewe. Kiswahili kina maneno kadhaa ya makazi ya mtawala, na kila moja limebeba historia yake. 'Kasri' limetokana na Kiarabu, nalo neno hilo la Kiarabu huhusishwa na neno la Kilatini la ngome au kambi ya askari. Kwa hiyo tangu asili yake neno hili lina harufu ya baruti. 'Ikulu', ambalo leo hutumika Kenya na Tanzania kwa makazi rasmi ya rais, lilitoka bara, katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma, ambako lilimaanisha makao ya mtemi. 'Jumba' ni ukubwa wa 'nyumba', na humwambia msikilizaji kimo tu, bila kumtaja mwenyewe. Ndilo neno la msimulizi wa ngano, na tutalirejelea baadaye.

Unguja yenyewe haikuwa na kasri moja bali msururu wa makasri. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Unguja hadi alipofariki mwaka 1856, aliishi zaidi Beit al-Mtoni, pwani ya kaskazini ya mji. Mjini, ufukoni, palikuwa na Beit al-Sahel. Baadaye yaliongezwa mengine, yakiwemo Beit al-Hukm na, katika enzi ya Seyyid Barghash, Marahubi, Chukwani na hatimaye Beit al-Ajaib. Yapo pia majina kama Beit al-Watoro, ambamo binti mmoja wa Seyyid Said, Seyyida Salme, aliishi kwa muda akiwa na nduguye Majid.

Majina haya yanastahili kusomwa kwa makini. Katika 'Beit al-Mtoni' na 'Beit al-Watoro', kichwa cha kirai ni cha Kiarabu lakini kivumishi chake ni cha Kiswahili. Nyumba ni ya mtawala, ila kinachoitambulisha ni mto au watoro, yaani ardhi na watu waliokuwapo. Hata kiambishi cha mahali, -ni, kimehifadhiwa ndani ya kirai cha Kiarabu bila kuguswa. Hii ni ithibati ndogo, lakini ni ya thamani, kwamba lugha ya uani iliingia katika jina la kasri mapema, wakati ambapo wenye lugha hiyo hawakuwa na nafasi katika baraza. Beit al-Ajaib, kwa upande mwingine, ni Kiarabu kitupu, ingawa Waswahili walilifasiri papo hapo: Jumba la Maajabu.

Somo la Nje: Jengo la Kutazamwa

Seyyid Barghash bin Said alishika utawala mwaka 1870. Haikuwa mara yake ya kwanza kuutamani. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua nduguye Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay kwa takriban miaka miwili. Alipoketi hatimaye katika kiti cha enzi, misiba ilimwandama. Mwaka 1872 kimbunga kiliharibu merikebu na kung'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini na kulifunga soko la watumwa la mjini. Kwa mtawala ambaye mapato yake yalitegemea karafuu, pembe za ndovu na ushuru wa forodha, na ambaye mashamba ya jamaa zake yalilimwa na watumwa, hayo hayakuwa mapigo madogo. Mwanahistoria Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu, ameonyesha jinsi uchumi wa Unguja ulivyofungamanishwa na masoko ya dunia kiasi kwamba ustawi wake na udhaifu wake vilitoka katika chemchemi moja.

Ni katika muktadha huo ambapo Beit al-Ajaib lilijengwa. Halikukusudiwa kuwa makazi. Lilikuwa jumba la sherehe na mapokezi, na kila sifa yake ya kisanaa inathibitisha kusudi hilo. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, kwa desturi ya ujenzi wa pwani. Lakini ujenzi wa pwani una tabia ya kugeuza uso ndani. Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Unguja huuonyesha mtaa ukuta mtupu, mlango wa nakshi na barazani pa kuketi. Uzuri wake umefichwa nyuma ya daka na ua. Beit al-Ajaib lilivunja kanuni hiyo. Limezungukwa na roshani pana zilizopandana orofa juu ya orofa, zikibebwa na nguzo ndefu za chuma cha kusubu, na zote zimetazama nje. Ndani kuna ukumbi mkubwa wa kati uliofunikwa, sakafu za marumaru zilizoagizwa kutoka nga'mbo, na milango mikubwa ya nakshi yenye maandishi ya aya za Kurani yaliyotiwa rangi ya dhahabu. Mbele ya mlango ipo mizinga ya shaba ya Kireno, kumbukumbu ya utawala mwingine uliopita.

Nguzo za chuma zina maana yake ya pekee. Matumbawe na boriti hutoka pwani hii hii. Upana wa chumba cha Mswahili ulipimwa kwa urefu wa boriti ya mkoko. Chuma kilichosubiwa viwandani kiliondoa kikomo hicho, kikawezesha kumbi na roshani za upana ambao fundi wa kienyeji asingeuthubutu. Kwa hiyo ukubwa wa jengo wenyewe ni tangazo: huyu ni mtawala anayeweza kuagiza mali ya viwanda kama mfalme yeyote wa Ulaya. Barghash alikuwa amezuru Uingereza mwaka 1875, na aliishi Bombay kabla ya hapo. Alijua jinsi dola zinavyojionyesha. Alileta mjini maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo nje ya mji, na alianzisha kiwanda cha uchapaji kilichotoa vitabu vya dini vya madhehebu ya Ibadhi kwa Kiarabu. Jengo lake hutajwa kuwa la kwanza Unguja kutiwa umeme, na kuwa la kwanza katika Afrika Mashariki kuwekewa lifti. Ajabu, basi, ilikuwa hoja ya kisiasa.

Hoja hiyo ilielekezwa kwa nani? Kwa hadhira mbili. Ya kwanza ni wakazi wa mji, ambao waliona taa na kimo cha jumba kutoka mtaani. Ya pili, na pengine iliyo muhimu zaidi, ni meli za mataifa zilizotia nanga bandarini. Roshani zinatazama bahari kwa sababu hatari ilitoka baharini. Lakini usomaji wa hadhira hii ya pili haukuwa ule aliokusudia mwandishi. Mwaka 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri ili kumlazimisha Barghash akubali madai ya Ujerumani barani. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuibana himaya yake ya bara katika ukanda wa pwani wa upana wa maili 10. Ilikuwa imepita miaka mitatu tu tangu jumba kujengwa. Mataifa yalilitazama jumba, yakalistaajabia, na yakamnyang'anya mwenye jumba ardhi yake.

Somo la Ndani: Kalamu ya Salme

Mwaka huo huo wa 1886, mjini Berlin, kilichapishwa kitabu cha dada wa Barghash. Seyyida Salme alizaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844, mamaye akiwa suria wa Kicherkasi. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani bali hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifunza kuandika kwa siri, kwa kuiga herufi za Kurani. Maarifa hayo yalimponza. Katika jaribio la mwaka 1859 Salme, akiwa kijana bado, alikuwa katibu wa kundi la Barghash, na barua za njama ziliandikwa kwa mkono wake. Baada ya kushindwa aliridhiana na Majid, na kwa kufanya hivyo akamkosa Barghash. Mwaka 1866 aliondoka Unguja. Mwaka 1867 huko Aden alibatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akawa Emily Ruete. Mumewe alifariki miaka michache baadaye. Mwaka 1885 alirudi Unguja akiwa pamoja na wale wale waliokuja na manowari. Barghash hakumpokea.

Kitabu chake kinaanza na nyumba. Hili si jambo la bahati tu. Kumbukumbu nyingi za wafalme huanza na nasaba. Za Salme zinaanza na Beit al-Mtoni, ua wake mpana wenye ndege na wanyama waliozurura huru, mabafu yake yaliyopangwa safu, na roshani ya mviringo iliyoelekea bahari ambako Seyyid Said alizoea kutembea huku na huku, akichechemea kwa sababu ya jeraha la risasi, kichwa kikiwa kimeinama katika mawazo. Mtawala huyu si yule wa barazani. Ni mzee anayetembea peke yake, akitazamwa na mtoto ambaye hajui anachowaza.

Beit al-Sahel linaelezwa kwa namna nyingine. Hapo ua umejaa wachinjaji, wapishi, wabebaji maji na watoto. Ngazi zimesongamana watu wanaopanda na kushuka. Kila mtu anamwita mwenziwe kwa sauti. Kinachojitokeza katika kurasa hizo ni kasri kama mahali pa kazi. Sifa hii haionekani kabisa katika Beit al-Ajaib, ambalo sura yake ya nje inamfanya mtazamaji aamini kwamba utukufu hujitegemea.

Lakini mchango mkubwa wa Salme kwa mwanaisimu na mhakiki ni maelezo yake kuhusu lugha. Anasimulia kwamba mbele ya baba yake Kiarabu ndicho kilichoruhusiwa, na kwamba mara tu alipogeuka, nyumba ilijaa Kiajemi, Kituruki, Kicherkasi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi. Sentensi chache hizo zinaivunja picha ya kasri la lugha moja. Zinatuonyesha kwamba utawala ulikuwa na lugha yake, na maisha yalikuwa na zake. Inafaa kukumbuka kwamba kiwanda cha uchapaji cha Barghash kilichapa Kiarabu, na kwamba lugha iliyovuma uani ilichapwa na wamisionari. Tutalirudia jambo hili.

Hata hivyo, tusilisome somo la ndani kana kwamba ni ukweli usio na upande. Salme aliandika kwa Kijerumani kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya waliokuwa na picha zao tayari kuhusu Mashariki, na anatumia nguvu nyingi kuzisahihisha. Katika kusahihisha huko anautetea utumwa wa kwao, akidai kwamba ulikuwa mwema kuliko walivyoudhania Wazungu, na kwamba hali ya wafanyakazi maskini wa Ulaya haikuwa bora. Utetezi huo unafunua mpaka wa jicho lake. Anawaona watumwa wakipita katika ngazi, anaweza kuwahesabu na kuwaeleza mavazi yao, lakini hawasemi. Na kuna kitendawili zaidi: mama yake mwenyewe aliletwa katika nyumba hiyo akiwa mtoto aliyetekwa. Salme anaeleza kwamba watoto wa Seyyid Said waliokuwa hai wote walizaliwa na masuria. Familia ya kifalme, kwa maana hiyo, ilikuwa zao la utumwa upande wa kikeni, na mwandishi anayeutetea utumwa ni binti wa aliyetumikishwa. Hapa kitabu kinasema zaidi ya mwandishi wake, na ni wajibu wa mhakiki kukisikiliza.

Somo la Uani: Paa na Mwenye Jumba

Je, waliokaa kimya katika kurasa za Salme hawakusema popote? Walisema, ila si kwa jina lao wala kwa namna ya kumbukumbu. Mwaka 1870, mwaka ule ule Barghash alipotawala, Edward Steere wa misheni ya Waingereza alichapisha mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Miongoni mwake imo hadithi ya Sultani Darai.

Muhtasari wake ni huu. Maskini mmoja huchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anapata kijisarafu, anakinunulia paa. Paa huyo anaokota almasi, anaipeleka kwa Sultani Darai na kumposea bwana wake binti wa sultani. Kisha anakwenda mji wa mbali, anamuua nyoka mwenye vichwa saba, na kumpatia bwana wake jumba kubwa lenye mali zisizo kifani. Bwana anahamia na mkewe. Paa anaugua. Bwana, ambaye sasa ni mtu mkubwa, anakataa hata kwenda kumtazama, na anaamuru apewe uji wa mtama, chakula cha dhiki aliyoondolewa na paa huyo huyo. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Asubuhi moja bwana anaamka na kujikuta jaani, akichakura kama zamani.

Hadithi hii ilichapishwa miaka 13 kabla ya Beit al-Ajaib, na kwa hivyo haiwezi kuwa fumbo la jengo hilo. Wala si haki kuifanya kila ngano ya Unguja kuwa ripoti ya siasa. Tunachodai ni kitu chenye kiasi zaidi. Hadithi inaonyesha namna ambavyo fanani na hadhira yake walizoea kuiwaza nyumba kubwa. Katika mawazo yao jumba halikuwa tunda la nasaba wala la hekima ya mwenyewe. Lililetwa. Lina aliyelileta, na aliyelileta si yule anayeketi ndani yake. Haki ya kukaa jumbani inategemea kumkumbuka mletaji, na siku anaposahauliwa jumba hutoweka. Usomaji huu ni kinyume kabisa cha ule wa Barghash. Yeye alitaka mtazamaji aulize, 'Ni nani aliye mkubwa kiasi hiki?' Fanani anauliza, 'Ni nani aliyelileta, naye yuko wapi sasa?'

Yafaa pia tuone ni wapi somo hili lilihifadhiwa. Kiwanda cha sultani hakikulichapa. Lilichapwa na mgeni, kwa madhumuni yake ya kujifunza lugha na kueneza dini. Tunalipokea, basi, kwa shukrani na kwa tahadhari, kwa kuwa uteuzi wa hadithi na namna ya kuziandika ulikuwa mikononi mwa mkusanyaji. Lakini bila mkusanyiko huo na mingine ya aina yake, uani pasingekuwa na maandishi kabisa.

Mwaka 1896 na Ushindi wa Sura ya Nje

Tukio lililoamua ni somo lipi libaki lilitokea tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili kabla, na Khalid bin Barghash akajitwalia kasri bila idhini ya Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameifanya Unguja nchi ya hifadhi yao. Saa tatu asubuhi muda wa onyo ulikwisha, na manowari za Uingereza zikaanza kupiga mizinga. Mashambulizi yalidumu kwa dakika zipatazo 40. Takriban watu 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Kwa upande wa Waingereza baharia mmoja alijeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na baadaye Dar es Salaam.

Wanahistoria wamevivuta vita hivi hadi vikawa kichekesho, kwa kuvitaja kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani. Kwetu sisi la muhimu ni kilichovunjika na kilichosalia. Beit al-Hukm na Beit al-Sahel la zamani yalibomolewa. Mnara wa taa uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib uliharibika. Lakini Beit al-Ajaib lenyewe lilipata madhara machache. Kabla ya hapo, majumba haya matatu yalikuwa yameunganishwa kwa vipito vya juu vilivyofunikwa, ambavyo wanawake wa kifalme waliweza kuvitumia kupita toka nyumba hadi nyumba bila kuonekana. Nyumba ya kutazamwa na nyumba za kuishi zilikuwa mwili mmoja. Mizinga iliukata mwili huo. Sehemu ya ndani ikaangamia, na uso ukabaki.

Ujenzi wa mwaka 1897 ulikamilisha kazi ya mizinga. Mahali pa Beit al-Hukm palifanywa bustani. Mnara mpya wa saa ulipachikwa katika uso wa Beit al-Ajaib, na ndio ulioipa sura yake iliyojulikana hadi mwaka 2020. Kwa hivyo picha tuliyozoea kuiita ya Barghash ni ya Barghash kwa nusu tu. Nusu ya pili ni ya utawala uliofuata mizinga, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed aliyeketishwa na Waingereza. Mwaka huo huo wa 1897 hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja na Pemba. Lakini amri hiyo haikuwagusa masuria. Wao walisubiri hadi mwaka 1909. Yaani mnara ulipokuwa ukisimamishwa ili wote wauone, wanawake wa hali ya mama yake Salme waliachwa ndani ya mlango uliofungwa, kisheria na kimaandishi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Kuanzia mwaka 1911 Beit al-Ajaib liligeuzwa ofisi za serikali ya kikoloni, na sultani akaishi katika kasri lililojengwa upya jirani. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, kasri hilo la jirani liliitwa la wananchi, na mwaka 1994 likafanywa makumbusho. Beit al-Ajaib nalo lilitumiwa na chama tawala, na katika miaka ya 2000 likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Unguja na pwani. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka, na jengo likafungwa.

Riwaya na Urejeshaji wa Uani

Ni katika riwaya ya Kiswahili ambapo somo la uani lilipata sauti ya wazi. Adam Shafi alichapisha Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978. Kasri ya riwaya hii si ya sultani. Ni ya bwanyenye mwenye mashamba. Lakini uteuzi wa neno 'kasri' katika anwani ni wa makusudi, kwa sababu mwandishi anaichukua istilahi ya utawala na kuishusha hadi shambani, ambako utawala ulikuwa na uso wa kila siku. Mhusika anayetushughulisha zaidi si Fuad bali Kijakazi, mtumishi anayemhudumia kwa utiifu wa miaka mingi, na ambaye hata Mapinduzi yanapotokea hakati mara moja kamba iliyomfunga kwa bwana wake. Kijakazi amejifunza kuliona kasri kwa macho ya mwenye kasri.

Tukimlinganisha na paa wa Sultani Darai, tunaona jinsi fasihi ilivyolikuza swali lile lile. Wote wawili ndio wanaoliweka jumba; wote wawili wanalipwa kwa dharau. Lakini paa anakufa na jumba linatoweka kwa muujiza, ilhali Kijakazi anaishi na hana budi kujifunza upya kufikiri. Ngano inaliadhibu jumba. Riwaya inamzindua mtumishi. Tofauti hii haitokani na utanzu peke yake. Inatokana pia na historia iliyopita katikati yake. Msimulizi wa karne ya kumi na tisa aliweza kumtegemea Mungu au muujiza ulipe deni. Mwandishi aliyeandika baada ya mwaka 1964 alikuwa ameona majumba yakibadilisha wenyewe, na alijua kwamba kubadilika kwa mwenye jumba hakutoshi.

Inawezekana kupinga kwamba riwaya hii ina itikadi yake, kwamba imewagawa wahusika wake kwa unyoofu mno, na kwamba mabwana wa Unguja hawakuwa wa sura moja. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini linalihusu pia jengo la Barghash, ambalo nalo ni itikadi iliyopakwa chokaa, na kitabu cha Salme, ambacho ni utetezi. Hakuna somo la kasri lisilo na upande. Ndiyo maana yanahitajika yote.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kasri la kifalme la Unguja lilikuwa na masomo matatu, na kwamba mwaka 1896 ulilipa ushindi somo la nje kwa kuziangamiza nyumba za ndani na kuuacha uso. Kuanzia hapo historia ya kasri ikawa historia ya uso huo: ulipakwa rangi, ulipigwa picha, ulitiwa katika orodha ya urithi, na ulipoporomoka ndio ulioliliwa.

Ujenzi mpya unaweza kuyarudisha matumbawe, nguzo na mnara. Hauwezi kuvirudisha vipito vilivyofunikwa, kwa kuwa vilikoelekea hakupo tena, wala kelele za lugha saba alizozisikia Salme utotoni. Hivyo vimo katika maandishi na katika masimulizi, na hapo ndipo wanafasihi wanapokuwa na kazi isiyoweza kuachiwa wahandisi. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kumbukumbu za Salme zisomwe katika idara za Kiswahili sambamba na Kasri ya Mwinyi Fuad, na si katika idara za historia pekee. Pili, ngano za majumba katika mikusanyiko ya karne ya kumi na tisa zichunguzwe upya, kwa kuzingatia fanani na hadhira yake na si mkusanyaji peke yake. Tatu, masimulizi ya familia za wale waliofanya kazi katika majumba na ofisi hizo, tangu siku za masultani hadi miaka ya makumbusho, yakusanywe kwa Kiswahili wakati wasimulizi wangali hai. Milango ya nakshi inaweza kuchongwa tena na fundi stadi akiwa na picha mkononi. Msimulizi akishakufa, hapana picha ya kuigwa.